Kuchoma Video za Nyumbani Kwenye DVD Bila Kumnenepesha Bibi Arusi

Kila Desemba, magari yanapoanza kupandisha kuelekea Marangu, Rombo na Machame yakiwa yamejaa watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, mimi hapa Moshi huanza kuulizwa swali lile lile: "Nimechoma video ya harusi kwenye DVD, kwenye kompyuta inaonekana vizuri, lakini kwenye runinga ya mzee bibi arusi amenenepa, nifanyeje?" Wengine huja na malalamiko ya kinyume, kwamba wageni wote wamekonda na kurefuka. Wengine huniambia kwamba picha imebaki katikati ya kioo kama stempu kwenye bahasha, huku pande zote nne zikiwa nyeusi. Nimeona ni heri niandike majibu yote mahali pamoja.

Usishangae kwamba bado tunahangaika na DVD wakati kila mtu ana simu janja. Wazee wengi kule mlimani wana deki yao na runinga yao ya chogo, wanajua kitufe cha kubonyeza, na hawahitaji kununua kifurushi cha intaneti ili kumwona mjukuu wao akipokea kipaimara.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kosa la umbo la picha hukaa katika mojawapo ya mahali patatu, yaani katika faili ulilochoma, katika diski yenyewe, au katika mipangilio ya deki na runinga. Usichome diski ya pili kabla hujajua kosa liko wapi, kwa maana mara nyingi diski ni nzima na kinachohitaji kurekebishwa ni mpangilio mmoja wa deki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili asili la video, kama lilivyotoka kwenye kamera au simu. Nakala iliyopitia WhatsApp imeshabanwa na kupoteza ubora, na huwezi kuurudisha.
- Kompyuta yenye kiendeshi cha DVD. Ikiwa ni kompyuta mpakato, hakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo haitafaa tena.
- Programu nne za bure: MediaInfo ya kusoma sifa za faili, VLC ya kutazamia, FFmpeg ya kugeuza video, na DVDStyler ya kupanga na kuchoma diski.
- Diski tupu za DVD-R za kutosha, pamoja na DVD-RW moja ya majaribio, ambayo inaweza kufutwa na kuchomwa tena.
- Deki ya DVD pamoja na rimoti yake yenyewe. Rimoti za kununua mtaani mara nyingi hazina kitufe cha mipangilio, na hicho ndicho utakachokihitaji.

Nadharia kidogo tu

DVD ya video inayofuata mfumo wa PAL, ambao ndio mfumo wa runinga zetu, huhifadhi kila picha ikiwa na pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 720 kwa upana na 576 kwa kimo, tena picha 25 kwa sekunde. Vipimo hivyo havibadiliki, iwe video ni ya umbo la zamani la 4:3 au la umbo pana la 16:9. Kinachotofautisha ni alama ndogo iliyoandikwa ndani ya diski, inayoiambia deki kama inyooshe pikseli hizo 720 zienee kama 768 au kama 1024. Alama ikiwa sahihi, watu wanakuwa watu; ikikosewa, wananenepa au wanakonda. Hakuna umbo la tatu: DVD inakubali 4:3 na 16:9 peke yake, kwa hiyo video ya simu iliyopigwa wima lazima iingizwe ndani ya mojawapo ya maumbo hayo.

Utakutana na watu wanaobishana kama upana halisi wa picha ni pikseli 704 au 720. Tofauti yake ni kama asilimia 2, na sijaona mzee hata mmoja aliyeigundua. Yaache mabishano hayo.

Hatua kwa hatua

1. Anza na deki, wala si kompyuta. Fungua mipangilio ya deki na utafute sehemu inayohusu umbo la runinga, ambayo mara nyingi huitwa "TV Display", "TV Type" au "TV Shape". Utakuta chaguo tatu: "4:3 PS", "4:3 LB" na "16:9". Ikiwa runinga ni ya chogo, chagua "4:3 LB", na deki itaiweka picha pana katikati ya kioo ikiwa na kingo nyeusi juu na chini. Ikiwa runinga ni bapa na pana, chagua "16:9". Chaguo la "4:3 PS" hukata pande za kushoto na kulia pale diski inaporuhusu, na sioni sababu ya mtu kulitumia kwa video za familia, kwa sababu shangazi aliyesimama pembeni ndiye atakayetoweka.

   Baada ya hapo, chukua rimoti ya runinga na uangalie kama kioo hakijawekwa kwenye hali ya kukuza au kutandaza picha. Sasa rudia kutazama ile diski yenye kasoro. Ikiwa imekaa sawa, kazi yako imekwisha na huna haja ya kuendelea.

2. Tafuta duara. Macho ya mtu huzoea picha iliyovurugika baada ya dakika chache, kwa hiyo usijiulize kama watu wanaonekana wanene au wembamba. Tafuta kitu unachojua ni cha mviringo, kama vile gurudumu la gari, sahani, saa ya ukutani au mdomo wa sufuria uliopigwa kutoka juu, kisha usimamishe picha na upime kwa rula upana na kimo chake kwenye kioo. Ikiwa video ilipigwa nje siku ya anga safi, mlima Kilimanjaro wenyewe utakusaidia: kilele cha Kibo kikionekana kimechongoka kama kile cha Mawenzi, picha imebanwa kutoka pembeni.

3. Soma faili asili. Fungua faili kwa MediaInfo na uandike mambo manne kwenye karatasi: upana, kimo, uwiano wa kuonyeshea ulioandikwa "Display aspect ratio", na pembe ya mzunguko ulioandikwa "Rotation" ikiwa ipo. Simu nyingi huhifadhi video ya wima kana kwamba imelala, yenye pikseli 1920 kwa 1080, kisha huongeza alama inayosema igeuzwe kwa nyuzi 90. Programu isiyosoma alama hiyo itakupa watu waliolala ubavu. Kuwa mwangalifu pia na kamera za HDV, kwani zinarekodi pikseli 1440 kwa 1080 ilhali picha yake ni ya 16:9. Ukigawanya namba hizo mbili utapata 4:3 na kudanganyika. Uwiano wa kuonyeshea ndio wa kuaminiwa.

4. Amua umbo la diski nzima. Ikiwa video zako zote zilipigwa kwa simu iliyolazwa au kwa kamera ya miaka ya karibuni, chagua 16:9. Ikiwa zote zinatoka kwenye kanda za zamani za VHS au za Hi8, chagua 4:3 na usijaribu kuzipanua, kwa sababu hakuna picha iliyofichwa pembeni inayosubiri kufunuliwa. Ikiwa zimechanganyika, ushauri wangu ni kutumia 16:9 na kuziwekea zile za 4:3 kingo nyeusi pembeni.

   Wapo wanaosema kwamba mzee akiwa na runinga ya chogo ni lazima diski iwe ya 4:3. Sikubaliani nao. Diski ya 16:9 iliyochomwa vizuri huonekana sawa kwenye runinga zote mbili ilimradi deki imepangwa kama nilivyoeleza katika hatua ya kwanza, na siku watoto watakapomnunulia mzee runinga bapa, diski itaendelea kufaa.

5. Geuza faili. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye video zako, kisha utumie amri inayolingana na umbo la faili lako. Majina ya mafaili yawe mafupi na yasiwe na nafasi kati ya maneno.

   Kwa video ya 16:9 kwenda kwenye diski ya 16:9:

   `ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg`

   Kwa video ya 4:3 kwenda kwenye diski ya 4:3, amri ni ile ile, ila mwishoni unaandika 4:3:

   `ffmpeg -i kanda.avi -target pal-dvd -aspect 4:3 kanda.mpg`

   Kwa video ya 4:3 kwenda kwenye diski ya 16:9, picha inapunguzwa iwe na upana wa pikseli 540, kisha inaongezewa pikseli 90 nyeusi kila upande:

   `ffmpeg -i kanda.avi -vf "scale=540:576,pad=720:576:90:0" -target pal-dvd -aspect 16:9 kanda.mpg`

   Kwa video ya simu iliyopigwa wima, yaani ya 9:16, upana unakuwa pikseli 228 na kila upande unaongezewa pikseli 246:

   `ffmpeg -i kipaimara.mp4 -vf "scale=228:576,pad=720:576:246:0" -target pal-dvd -aspect 16:9 kipaimara.mpg`

   Namba 228 huwashtua wengi kwa udogo wake. Inatokana na hesabu hii: video ya 9:16 yenye kimo cha 576 ina upana wa 324, na kwa kuwa diski itanyoosha 720 kuwa 1024, ni lazima tuibane mapema kwa kiasi hicho hicho, na 324 ukizidisha kwa 720 na kugawanya kwa 1024 unapata karibu 228. Mtu anayeandika 324 moja kwa moja ndiye atakayeletewa malalamiko ya bibi arusi aliyenenepa.

   Onyo: usikubali kishawishi cha kuitandaza video ya wima ijaze kioo kizima kwa sababu tu kingo nyeusi zinakukera. Wapo mafundi wanaofanya hivyo ili mteja asiulize maswali, lakini sura ya mtu ikishatandazwa hivyo hata mama yake atasita kumtambua.

   Onyo la pili linahusu kanda za zamani. Picha zake zimesukwa kwa mistari ya zamu, mmoja huu na mmoja ule, kwa hiyo kubadilisha kimo chake huichanganya mistari hiyo na kuleta meno kama ya kitana kila mtu anaposogea. Kubadilisha upana hakuna madhara hayo. Ndiyo maana katika amri yangu ya kanda kimo kimebaki 576.

6. Kadiria muda. Amri hizo zinatumia kiasi cha kilobiti 6000 kwa sekunde kwa picha, na kwa kiwango hicho DVD ya kawaida ya giga 4.7 hubeba takriban dakika 90. Ikiwa sherehe yako inafika saa 2, ongeza `-b:v 4500k` kabla ya jina la faili la mwisho. Zaidi ya hapo gawanya kwenye diski mbili, au afadhali zaidi, kata hotuba za wajumbe wa kamati.

7. Hakiki kabla ya kuchoma. Andika `ffprobe harusi.mpg` (ffprobe huja pamoja na FFmpeg) na utafute mstari unaotaja 720x576. Faili la 16:9 linapaswa kuonyesha "SAR 64:45 DAR 16:9", na la 4:3 lionyeshe "SAR 16:15 DAR 4:3". Ukiona kitu kingine, rudi hatua ya tano. Usitumie VLC kama shahidi wako wa pekee, kwa sababu herufi A kwenye kibodi hubadilisha uwiano wa picha katika programu hiyo, na mtu anaweza kuibonyeza bila kujua kisha akadhani faili ndilo lenye kasoro, au lenye afya.

8. Panga diski kwenye DVDStyler. Programu ikiuliza mipangilio ya mradi mpya, chagua PAL na uwiano ule ule ulioamua katika hatua ya nne, kisha uingize mafaili yako ya mpg. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Uwiano wa picha huandikwa mara mbili kwenye DVD: mara moja ndani ya video yenyewe, na mara nyingine katika mafaili madogo ya IFO yaliyo kwenye folda ya VIDEO_TS. Ukigeuza video kuwa 16:9 lakini ukauacha mradi ukiwa 4:3, diski itakuwa na maelezo mawili yanayopingana. Kompyuta inaweza kufuata moja na deki ikafuata jingine. Niliwahi kuchoma nakala kumi na moja za kipaimara kwa ajili ya ukoo mmoja wa Kibosho huku nikiiamini kompyuta, na zote kumi na moja zilirudi.

   Kumbuka pia kwamba video zilizo katika kundi moja la diski, yaani zile ambazo mafaili yake yote huanza na VTS_01, au yote na VTS_02, na kuendelea, lazima zote ziwe na uwiano mmoja. Ukishafuata hatua ya nne, jambo hili halitakusumbua.

9. Choma diski ya majaribio. Chora duara kubwa kwenye picha yenye pikseli 1024 kwa 576, uihifadhi kwa jina la duara.png, na uigeuze kuwa video ya sekunde kumi:

   `ffmpeg -loop 1 -i duara.png -t 10 -target pal-dvd -aspect 16:9 duara.mpg`

   Iweke pamoja na dakika moja ya video yako, choma kwenye DVD-RW, kisha itazame kwenye deki na runinga. Ukiona duara limekuwa yai, rudi kwenye hatua ya kwanza na ya nane. Baadhi ya deki za zamani hukataa kabisa kusoma DVD-RW. Kwa hizo itabidi utoe mhanga DVD-R moja.

10. Choma nakala zenyewe. Tumia DVD-R kwa mwendo wa 4x au 8x badala ya ule wa juu kabisa, na uache kompyuta ifanye kazi hiyo moja. Andika jina kwa kalamu ya wino laini upande wa juu, wala usibandike karatasi, kwani karatasi ikijikunja kidogo diski huyumba ndani ya deki.

Dalili na tiba zake

*Watu ni warefu na wembamba, na hakuna kingo nyeusi juu wala chini.* Picha ya 16:9 inaonyeshwa kama 4:3. Ikiwa runinga ni ya chogo, deki imewekwa kwenye "16:9". Iweke kwenye "4:3 LB". Ikiwa runinga ni pana na kingo nyeusi ziko pembeni tu, diski imeandikwa 4:3 kimakosa; rudia hatua ya nane.

*Watu ni wafupi na wanene.* Picha ya 4:3 imetandazwa. Mara nyingi ni runinga bapa iliyowekwa kwenye hali ya kutandaza, kwa hiyo jaribu kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti ya runinga kabla ya kugusa kitu kingine.

*Picha iko katikati kama stempu.* Picha pana iliwekewa kingo za juu na chini ili iingie kwenye diski ya 4:3, kisha runinga pana ikaongeza zake za pembeni. Kwa leo tumia hali ya kukuza ya runinga. Kwa tiba ya kudumu geuza upya kutoka faili asili. Kwanza angalia pia kama deki haikuachwa kwenye "4:3 LB".

*Majina ya maharusi yamekatwa pembeni.* Runinga za chogo huficha sehemu ya ukingo wa picha, kama asilimia 5 kila upande na wakati mwingine zaidi. Umbo halina kosa. Sogeza maandishi ndani, yawe mbali na ukingo kwa sehemu moja ya kumi ya upana.

*Rangi zimepotea na picha ni nyeusi na nyeupe.* Diski ilichomwa kwa mfumo wa NTSC, wenye kimo cha pikseli 480, na runinga inaelewa PAL tu. Hili hutokea sana kwa programu zinazoanza na mipangilio ya Marekani. Badilisha mradi uwe PAL, na ugeuze upya mafaili yenyewe pia, kwa sababu kubadilisha jina la mfumo hakubadilishi kimo cha picha.

*Video imelala ubavu.* Alama ya mzunguko haikusomwa. Matoleo ya sasa ya FFmpeg huisoma yenyewe, kwa hiyo sasisha programu kwanza; ikishindikana, ongeza `transpose=1,` mwanzoni mwa maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu.

*Deki inasema hakuna diski, ingawa kompyuta inaisoma.* Uwezekano mkubwa ni kwamba uliburuta faili la MP4 na kulichoma kama data ya kawaida. Fungua diski kwenye kompyuta. Usipoiona folda ya VIDEO_TS, hiyo si DVD ya video, na ni lazima upitie DVDStyler. Folda ikiwapo lakini deki bado inagoma, jaribu diski ya aina nyingine na mwendo wa chini zaidi, na ufute vumbi kwenye lenzi, maana vumbi la Arusha na Moshi wakati wa kiangazi halichagui nyumba.